Barua ya wazi: Kabla ya dole gumba, tuonyesheni karatasi

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi,
Nakala kwa watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa na vijiji vyote vya Kusini.

Mtwara, Juni 2025

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa Mtwara Vijijini. Kazi yangu ni karatasi. Msimu ukifunguliwa na mkulima akashusha korosho zake ghalani, namwandikia jina, idadi ya magunia, kilo, daraja na tarehe, naye anaondoka na stakabadhi yake mkononi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na leo hata mzee wa Nanyamba asiyejua kusoma herufi moja anajua kwamba bila ile karatasi hana korosho. Ataikunja mara nne, ataifunga kwenye kitambaa, ataiweka chini ya mto. Nimeanza na hilo kwa sababu nawaandikia kuhusu mama yangu, aliyewekeshwa dole gumba kwenye deni ambalo mpaka leo hakuna aliyemwonyesha karatasi yake.

Ilikuwa Novemba 2024, siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi. Mama alikuwa uwani kwake, Chuno, anabangua korosho. Ana mikorosho michache kijijini kwa wazazi wake, na kila msimu hujiwekea debe mbili tatu za kubangua mwenyewe na kuwauzia wasafiri pale stendi. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anaijua. Unazichoma kwenye bati mpaka ganda linawaka, unazimwagia mchanga, kisha unakaa chini na jiwe lako unagonga moja moja. Mafuta ya ganda yanababua. Mama hujipaka majivu viganjani kabla ya kuanza, lakini baada ya wiki mbili vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inabanduka, na ncha za vidole zinakuwa laini kama zimepigwa msasa.

Walikuja vijana wawili kwa bodaboda, wakiongozana na mjumbe wa mtaa. Walimwamkia vizuri, wakakaribishwa mkeka, wakatoa pole ya mume wake, ambaye ni baba yangu, aliyefariki mwaka 2018. Halafu mmoja akafungua mkoba na kumsomea jina la marehemu pamoja na kiasi: shilingi 7,840,000. Wakamwambia kampuni yao imelinunua deni hilo kutoka kwa taasisi iliyomkopesha baba, na kwamba wao hawakuja kwa ubaya, wamekuja kumsaidia asifike mahakamani. Mama akasema hana habari ya deni. Yule kijana akamwambia, kwa sauti ya upole, "Mama, dawa ya deni ni kulipa. Unataka marehemu alale na deni kaburini?"

Waheshimiwa, mnaijua Pwani ya Kusini. Mnajua neno hilo linavyomwingia mjane wa Kiislamu. Halina haja ya rungu wala pingu. Mama aliingia ndani, akafungua pochi, akarudi na noti mbili za shilingi elfu kumi, fedha ya korosho aliyouza wiki iliyotangulia. Wakamwambia hiyo inatosha kuonyesha nia njema. Kisha wakatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa na kidau cha wino, wakamshika mkono. Dole lilipogusa karatasi lilitoka doa tupu, halina mstari hata mmoja, kwa sababu ya yale mafuta ya korosho. Wakamrudishia wino mara ya pili, doa likatoka lile lile. Wakaridhika nalo, wakaondoka. Nakala hawakumwachia, na risiti ya ile elfu ishirini hawakuandika.

Nilifika jioni nikamkuta kakaa palepale, hajagusa jiwe. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, baba yako alikuwa anadaiwa."

Ni kweli, alikuwa amekopa. Sitaficha hilo. Mtu wa Mtwara mwenye umri wangu anakumbuka miaka ya 2011 hadi 2014 ilivyokuwa. Gesi ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Wageni walijaa, kodi ya chumba ilipanda, nyumba za kulala wageni ziliota kila mtaa, na taasisi za mikopo zilifungua milango kila kona ya mji kukopesha watu wajenge. Baba alikuwa fundi cherehani. Novemba 2013 alikopa shilingi 2,400,000 ili amalizie vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba. Makubaliano yalikuwa alipe shilingi 190,000 kila mwezi kwa miezi 18. Alianza Januari 2014. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokaribia kukamilika, kazi zikapungua, wapangaji wakafunga mizigo mmoja baada ya mwingine, vyumba vikabaki na popo. Baba akakwama. Alikwenda ofisini kwao kuomba apunguziwe rejesho, akaambiwa asubiri jibu. Alipokwenda tena akakuta pamefungwa, fremu ile imeshapangishwa kwa muuza simu.

Alipofariki tulimzika kwa taratibu zote. Kabla jeneza halijainuliwa, mjomba wangu alisimama mbele ya watu, na kwetu Wamakonde neno la mjomba lina uzito wake, akatangaza kama desturi inavyotaka: yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, aonane na familia. Alijitokeza muuza duka aliyekuwa anadai shilingi 11,500 za uzi na vifungo. Akalipwa siku hiyo hiyo. Mwingine hakutokea. Mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, siku zikapita, ikafungwa. Taasisi ile, au yeyote aliyechukua vitabu vyake, haikuleta dai. Miaka sita baadaye ndiyo wakaja uwani kwa mjane.

Nililitafuta kopo la maziwa ya unga ambalo baba alikuwa anawekea karatasi zake. Nilikuta risiti 14, zimefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani, zimepangwa kwa tarehe. Ya kwanza ni ya Januari 2014, ya mwisho ni ya Februari 2015. Nilizijumlisha usiku ule kwa kalamu, kisha kwa simu, kisha kwa kalamu tena: shilingi 2,660,000. Yaani baba alikwisha kurudisha kiasi chote alichokopa na ziada ya shilingi 260,000. Kwa makubaliano yao, kilichobaki kilikuwa marejesho manne, shilingi 760,000. Wale vijana walikuja na dai la zaidi ya mara kumi ya hapo. Nilipowapigia simu kuwauliza limefikaje huko, nikajibiwa kwamba ni riba na faini na gharama za ufuatiliaji. Nikaomba wanitumie mchanganuo. Nikaambiwa mchanganuo uko makao makuu. Nikaomba hati inayoonyesha kwamba deni hilo limehamishwa kutoka kwa mkopeshaji kuja kwao. Simu ikakatwa.

Tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo ningependa kila mjane wa Kusini ayajue, na nimeyathibitisha kwa wasaidizi wa kisheria kabla ya kuyaandika hapa.

Nchi yetu ina Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Kwa madai yanayotokana na mkataba, kama mkopo wa kawaida, anayedai ana miaka sita ya kwenda mahakamani, na hesabu inaanzia siku haki yake ya kudai ilipozaliwa. Kwa baba, rejesho la kwanza lililokosekana ni la Machi 2015. Miaka sita ilitimia Machi 2021. Shauri likipelekwa baada ya muda huo, mahakama inapaswa kulitupa, na sheria inasema hivyo hata kama mdaiwa mwenyewe hakuutaja ukomo katika utetezi wake. Nasisitiza kwamba sheria hii haisemi mtu hakukopa. Deni linaweza kubaki katika dhamira ya mtu maisha yake yote, na anayetaka kulilipa kwa hiari yake ana haki ya kulilipa. Kinachofungwa ni mlango wa mahakama. Deni lililokwisha kupata hukumu lina hesabu yake nyingine, ndefu zaidi, na la baba halikuwahi kufika mahakamani.

Sasa ndipo nilipoielewa ile elfu ishirini. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba anayedaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini, au akilipa sehemu yake, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya tangu siku hiyo. Wale vijana hawakufunga safari mpaka Chuno kwa ajili ya noti mbili. Walifuata tarehe mpya. Deni lililokuwa limezeeka mpaka mahakama isingelipokea, walitaka liamke kwa dole la mwanamke ambaye hakulikopa, hakulidhamini, na hakuelezwa hata kwa neno moja kwamba karatasi ile ina kazi gani. Ilikuwa imeandikwa, kwa jinsi mjumbe alivyokumbuka, kwamba yeye "kama mrithi anakiri na kuahidi kulipa". Mama si mrithi wa deni. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi, na mrithi halibebi mfukoni mwake. Wanasheria niliowauliza wanasema dole lile halina nguvu wanayoipa wao. Naamini hivyo. Lakini mama yangu hakulala usiku tatu, na alipoamka alitaka kuuza vyumba.

Hayuko peke yake. Kwenye dirisha langu pale chamani nimeongea na wakulima wengi tangu mkasa huu utupate, na kila nikisimulia, mmoja anasogea karibu. Mzee mmoja wa upande wa Kitaya alifuatwa kwa deni la mtu mwenye jina kama lake. Mnajua majina yetu yalivyo: kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Mohamedi Selemani wanne, na mwaka 2013 wengi wetu hatukuwa na kitambulisho cha Taifa, mikopo ilitolewa kwa kadi ya mpiga kura au barua ya mtendaji. Alilipa mara tatu ndipo mjukuu wake alipogundua kwamba tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye dai si yake. Mama mwingine alilipa deni ambalo marehemu mumewe alikwisha kulimaliza. Risiti zilikuwa zimeliwa na mchwa. Na wote wananiambia jambo moja: wakusanya madeni hawaji Machi wala Aprili, wakati nyumbani hakuna kitu na watu wanakopa unga. Wanakuja kuanzia Oktoba, minada ikishaanza na fedha zikianza kuingia kwenye akaunti. Wanajua kalenda yetu ya korosho kuliko maofisa ugani.

Hapo ndipo naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu jambo hili linakwenda kuongezeka msimu unaokuja.

Kumbukeni msimu wa 2018/2019. Minada ilikwama kwa sababu ya bei, Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba, uhakiki ukafanyika, na malipo yakachelewa. Sitaki kuufufua mjadala wa nani alikosea. Nasema tu kilichotokea kwenye meza yangu: watu waliokuwa wamekopa kwa ajili ya palizi, salfa na ada za shule, wakitegemea kulipa Desemba, walikaa mpaka mwaka uliofuata hawajaona hela. Wengi walishindwa kurejesha kwa tarehe. Hawakuwa wakaidi. Korosho zao zilikuwa ghalani na karatasi walikuwa nazo. Baadhi ya mikopo ile haikuwahi kumalizwa, na iliyokwama mwaka 2019 inafikisha miaka sita mwaka huu wa 2025. Mwenye daftari la madeni hayo anaijua tarehe. Nina hofu kubwa kwamba Oktoba hii tutaona mikoba mingi na vidau vingi vya wino kuanzia Tandahimba hadi Liwale, na watu watashikwa vidole kwa mamia kabla hawajajua wanachokitia alama.

Mheshimiwa Gavana, ninyi ndio mnaotoa leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga wakopeshaji hawa kwa madaraja na kuwapa Benki Kuu mamlaka juu yao, na kanuni zake zikatoka 2019. Mnazo pia kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka huo huo, na dawati la malalamiko. Mwaka jana mlitangaza hadharani orodha ya programu 69 za kukopesha kwenye simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na tulishangilia hapa, maana programu hizo zilikuwa zinawatumia ujumbe ndugu, wakwe na hata mabosi wa mtu kumtangaza kuwa tapeli. Kwa hiyo sijasema kwamba hamfanyi kazi. Nasema kuna mlango mmoja bado uko wazi, nao ni mlango wa uani kwa mjane.

Ninachokiomba ni kidogo na hakimnyimi mtu haki yake. Wekeni kanuni kwamba mtu yeyote anayefuatilia deni, awe mkopeshaji mwenyewe au kampuni iliyolinunua, haruhusiwi kupokea shilingi wala saini wala dole gumba kabla ya kumkabidhi mdaiwa karatasi ya kubaki nayo. Karatasi hiyo iandikwe Kiswahili chepesi. Iseme nani alikopa na lini, alikopa kiasi gani, amelipa kiasi gani, malipo ya mwisho yalifanyika tarehe ipi, riba na faini zimehesabiwaje, nani anayemiliki deni leo na amelipataje, na namba ya leseni yake ni ipi. Na kama miaka sita imepita tangu rejesho lilipokosekana, iseme hivyo waziwazi, na imwambie msomaji kwamba akitia saini au akilipa chochote anaweza kuwa ameanzisha hesabu upya. Kisha mtu apewe siku 14 aende nayo kwa mwanawe, kwa imamu, kwa padri, kwa msaidizi wa kisheria, popote anapoamini. Anayedai kwa haki hapotezi kitu kwa siku 14, maana deni la miaka kumi halitaoza kwa wiki mbili. Na ukiri wowote uliochukuliwa bila karatasi hiyo uhesabiwe si kitu, na aliyeuchukua aulizwe habari ya leseni yake.

Mtasema kwamba hilo linahitaji muda. Basi kwa sasa, kabla ya Oktoba, tawi lenu la hapa Mtwara litoe tangazo redioni na kwenye mbao za matangazo za kila chama cha msingi: usilipe, usitie dole, mpaka uone karatasi. Maneno hayo machache yangeokoa watu wengi. Mimi mwenyewe niko tayari kubandika hapa kwetu, na makarani wenzangu nimeshaongea nao.

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa, ombi langu kwenu ni juu ya wajumbe, wenyeviti na watendaji. Mama alifungua mlango kwa sababu aliona sura ya mjumbe. Mjumbe naye, nilipomuuliza, aliniambia kwa masikitiko kwamba alidhani ni watu wa Serikali, kwa vile walikuwa na vitambulisho shingoni na barua yenye muhuri. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha tofauti. Dalali wa mahakama anayekuja na amri iliyosainiwa na hakimu ni mtu mmoja, na kijana wa kampuni anayekuja na barua aliyoichapa mwenyewe ni mtu mwingine kabisa. Wa kwanza anastahili kusindikizwa. Wa pili ni mgeni kama mgeni mwingine, na kiongozi wa mtaa hapaswi kumkopesha heshima ya ofisi yake. Naomba watendaji wote waelezwe hivyo kwa waraka, na waambiwe pia kwamba deni la mkopo ni madai, si jinai. Kuna wazee wamelipa kwa kutishiwa kwamba watalala polisi usiku huo huo. Mtu hawekwi mahabusu kwa sababu tu anadaiwa rejesho. Yako mambo ambayo mahakama pekee ndiyo inaweza kuamuru, baada ya kusikiliza pande zote.

Na jambo la taarifa za watu. Wale vijana walijua jina la mama, idadi ya watoto wake, na kwamba mmoja wao, yaani mimi, anafanya kazi ushirika. Walijua vyumba ni vinne. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Baba aliwapa taarifa zake watu aliokopa kwao, akiwa hai. Nani aliwaruhusu kuziuza pamoja na familia yake nzima? Swali hili nalielekeza Benki Kuu na Tume inayosimamia sheria hiyo, na nitashukuru kupata jibu la maandishi.

Najua wako watakaosoma barua hii waseme inawafundisha watu kukimbia madeni. Mimi pia ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 25. Najua uchungu wa kugawana mwisho wa mwaka huku mwenzetu mmoja hajarejesha. Tumewahi kumsubiri mwanachama miaka miwili, tukamfuata, tukakaa naye, akalipa kidogo kidogo mpaka akamaliza, na leo ni mwenzetu. Lakini tulimfuata tukiwa na daftari. Alisaini mbele yetu siku aliyokopa, alisaini kila aliporejesha, na siku tulipokwenda kwake tulifungua ukurasa wake akausoma mwenyewe. Dini yetu nayo haikuliacha jambo hili hewani: aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani ni ile inayoagiza madeni yaandikwe, na mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Aliyemtisha mama yangu kwa kaburi la mume wake angeanza na aya hiyo.

Familia imekaa. Mjomba ameamua, na sote tumekubali, kwamba yeyote atakayeleta mkataba halisi wenye saini ya baba, pamoja na hati ya kuonyesha kwamba deni limemfikia kihalali, tutaketi naye kuhusu zile shilingi 760,000, ukomo uwe umepita au haujapita. Hilo ni letu na dhamira yetu na marehemu wetu. Kwa shilingi 7,840,000 za mdomoni, na kwa dole la mama lisilo na mistari, hatutatoa hata senti.

Waliondoka wakisema watarudi msimu ukifunguliwa. Risiti 14 ziko kwangu, nimezitoa nakala na kuzithibitisha kwa wakili, na yeyote kati yenu akizihitaji nitazileta ofisini kwake siku hiyo hiyo. Ile karatasi yenye dole la mama wanayo wao. Naomba, Mheshimiwa Gavana, muwaamuru watupe nakala yake kabla ya Oktoba, pamoja na risiti ya shilingi 20,000.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa marehemu fundi cherehani wa Chuno,
Karani wa chama cha msingi, Mtwara Vijijini